Mbwa wa Boma na Watoto Wetu

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kikundi cha akina mama katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia, Makueni)

  Tumeambiwa tuongee dakika ishirini tu. Tutajaribu.

Mnatujua. Sisi ni wale akina mama 23 wa ng'ambo ya mto, na wengine wenu mkituona sokoni mnatuita "akina mama wa mbwa". Hatukasiriki. Ni kweli tunawapenda mbwa, na leo tumekuja kuongea habari zao. Lakini hatukuanza na mbwa. Tulianza kama mwethya wa kuchimba matuta, leo shamba la huyu, kesho shamba la yule. Kisha tukaanza kuchangiana pesa kila mwezi, na baadaye tukaingia katika mambo ya maji. Mbwa walikuja nyuma yetu, kama wanavyomfuata mtu yeyote aliyebeba sufuria.

Kwa hivyo kwanza tutoe habari za kikundi, kwa kifupi, maana wengi wenu mliuliza. Tangi la maji la shule ya chekechea limekwisha na linashika maji, ila upande mmoja wa paa bado hauna mfereji wa kukinga mvua. Matuta mawili yalibomolewa na mvua za mwisho wa mwaka na tumeyarudishia. Wanachama wanne bado hawajalipa mikopo yao. Tulikubaliana tusiwataje hapa, wao wenyewe wanajijua. Hayo ndiyo ya kikundi. Sasa tuje kwa mbwa.

Mwanamke wa huku anamjua mbwa kuliko vile mwanamume anavyofikiri. Bwana yuko Nairobi au Mombasa anatafuta kibarua. Mama amebaki na watoto watatu, mdogo bado ananyonya. Usiku unasikia hatua za mtu karibu na zizi la mbuzi. Nani anaamka kwanza? Si wewe. Ni yule aliyelala nje ya mlango, ambaye jioni ulimpa ukoko wa ugali na maji yaliyooshea sufuria. Na wakati mahindi yanapokomaa, nyani wakishuka kutoka mlimani, mtoto wa miaka minane peke yake hawezi kuwafukuza. Mtoto na mbwa wawili wanaweza. Susu mmoja wa kikundi chetu husema mbwa wake amemlea wajukuu wanne. Hatujui kama anatania.

Lakini hebu uliza katika baraza, "Mbwa huyu ni wa nani?" Hapo utashangaa. Mzee atasema ni wa vijana. Vijana watasema ni wa baba. Mama atasema, "Mimi? Mimi namwekea makombo tu." Na mbwa mwenyewe ameketi karibu na miguu ya huyo mama. Akienda kisimani, yuko naye. Akienda shambani, yuko naye. Siku ofisa wa mifugo anapotangaza chanjo, mbwa huyo hana mwenyewe hata mmoja. Basi anabaki nyumbani, bila chanjo, pamoja na watoto.

Mwaka 2011 tulijifunza ubaya wa jambo hilo. Habari tunayotaka kusema sasa ni ya mwenzetu mmoja. Ameturuhusu, na ameketi hapa pamoja nasi. Alituambia, "Isomeni ninyi, mimi sitaweza."

Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka saba. Mtoto huyu alipenda kucheza mchanga wa mtoni, na mama yake alimkataza, maana mto wetu ukishuka hautoi habari. Alikuwa amemchapa mara mbili kwa sababu ya mto huo. Siku moja jioni mtoto alirudi na mchubuko mkononi, kitu kidogo, kama urefu wa kidole. Mama akauliza ni nini. Mtoto akasema ni miiba ya ua. Mama akampaka mafuta ya taa kidogo, akaendelea kupika. Baada ya siku chache kidonda kilikauka, na hakuna mtu aliyekikumbuka.

Ilipita karibu miezi miwili. Mtoto akaanza kusema mkono unawasha, pale pale palipokuwa na kovu. Kisha akapata homa. Mama akadhani ni malaria, akampeleka kwenye zahanati, wakapewa dawa za malaria. Siku ya pili mtoto akakataa maji. Si kwamba hakuwa na kiu. Alikuwa anayataka, lakini kikombe kikikaribia mdomo koo lilikaza, akatetemeka. Hata upepo wa mlangoni ulimshtua. Hapo ndipo ndugu yake mkubwa akalia na kusema: kule mtoni kulikuwa na mbwa asiyejulikana, akamparura na kumng'ata mkono, nao wakapatana wasiseme kwa sababu mama angewachapa.

Hospitali kubwa walituambia ukweli. Walisema dawa ya kumrudisha haipo. Alikufa siku ya nne.

Tunaomba radhi kwa kusema mambo mazito mchana huu. Lakini mwenzetu anataka mjue neno moja analojiambia kila siku tangu wakati ule. Hasemi, "Kama mbwa yule angeuawa." Anasema, "Angeniambia." Na sisi tuliokaa naye usiku wote wa matanga tulijiuliza, kila mmoja moyoni mwake: je, mtoto wangu angeniambia mimi?

Ugonjwa wenyewe ndio huu unaoitwa kichaa cha mbwa. Viini vyake hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mbwa akikung'ata, au mate yake yakiingia mahali palipochubuka, viini hivyo hufuata mishipa ya fahamu polepole hadi kwenye ubongo. Mara nyingi ni miezi miwili au mitatu kabla mtu kuugua, lakini inaweza kuwa chini ya wiki moja, na inaweza kufika mwaka. Kidonda cha usoni au kichwani ni cha hatari zaidi kwa sababu njia ni fupi. Na watoto ni wafupi, mnaona wenyewe. Mbwa akiruka, anamfikia mtoto usoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na katika kila watu kumi wanaokufa karibu wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote walipata kutoka kwa mbwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Ugonjwa huu ukishaanza kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla haujaanza unaweza kuzuiwa, na kazi ya kwanza ni ya sabuni na maji. Muda upo, wa kutosha hata kwa mtu wa kijiji cha mbali. Kinachotumaliza ni kunyamaza.

Baada ya matanga yale tulikaa kama kikundi na tukabishana sana. Wengine walisema mtoto asipochapwa ataharibika. Wengine walisema tumelelewa kwa fimbo na hatukufa. Mjadala huo haujaisha hadi leo, na hatukuja hapa kuumaliza. Lakini jambo moja tulikubaliana sote 23, tukaliandika katika daftari la mikutano: mtoto akija na habari ya kuumwa na mbwa, paka, punda au mnyama wowote, hachapwi siku hiyo wala siku nyingine kwa sababu ya jambo hilo. Hata kama alikuwa mtoni. Hata kama alikuwa anaiba maembe ya jirani. Hata kama ni yeye aliyempiga mbwa jiwe kwanza. Na tuliwaambia watoto wenyewe, tukiwa tumewakusanya, ili wawe mashahidi.

Mnaweza kucheka, lakini kuacha ilikuwa kazi ngumu. Mama anayemwona mtoto wake na damu, neno la kwanza mdomoni si pole. Neno la kwanza ni "Nilikuambia nini?" Sisi wenyewe tulishikana mara nyingi. Tuligundua kwamba tunawapigia kelele watoto kwa sababu tunaogopa, na mtoto hawezi kuona woga wetu. Anaona fimbo tu.

Basi mwaka 2019 ahadi hiyo ilijaribiwa. Mmoja wetu ana mbwa jike wa rangi ya kahawia, jina lake Kahawa. Ni mpole, watoto humvuta mkia. Mwaka ule alizaa nyuma ya ghala. Mbwa akishabeba mimba ni kama miezi miwili tu anazaa, na watoto wake hukaa wiki mbili hivi kabla hawajafumbua macho. Katika siku hizo mama mbwa hana rafiki. Binti wa miaka sita alikuwa ameambiwa asiende kule. Akaenda. Alimchukua mtoto mmoja wa mbwa ampakate, na Kahawa akamng'ata kwenye mkono wa kushoto, meno mawili yakaingia.

Binti alikimbia moja kwa moja kwa mama yake. Alisema yote, hata kwamba alikatazwa. Mama yake anasema miguu yake ilikosa nguvu, lakini alikumbuka daftari. Alikamata sabuni ya kipande na jerikani, akamwagia kidonda maji na kukisugua kwa sabuni. Robo saa nzima! Hilo ndilo watu wengi hawafanyi. Wanamwaga kikombe kimoja wanasema tumeosha. Mtoto alilia, susu akamshika, jirani akaangalia saa. Hawakupaka majivu, hawakupaka pilipili, hawakupaka mafuta ya taa. Hawakufunga kitambaa kukaza.

Zahanati ya kwanza haikuwa na chanjo. Ya pili pia. Tunasema hivi ili mjue mambo yalivyo, si kumlaumu muuguzi aliyetuelekeza. Kule hospitalini dawa ilikuwepo, lakini ya kulipia, na mbuzi mmoja alikuwa ameshapelekwa sokoni asubuhi ile. Hazina ya kikundi iliongeza nauli. Binti alipata sindano ya kwanza siku ile ile, kisha siku ya tatu, kisha ya saba. Kwa kuwa kidonda kilikuwa kimetoa damu, alipewa pia ile dawa nyingine ya kinga inayodungwa pale pale kwenye kidonda. Wengi hapa bado mnaogopa kwa sababu mlisikia sindano hizi zinachomwa tumboni. Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi ni mkononi, na kwa mtoto mdogo kabisa ni pajani. Na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha, msikae nyumbani kwa kuogopa kuumiza mtoto. Chanjo hii mnaruhusiwa kupewa.

Je, Kahawa? Wanaume walikuja na panga jioni ile. Tuliwasihi. Ofisa wa mifugo alikuwa ametufundisha kwamba mbwa aliyeng'ata mtu, akikamatika bila hatari, afungwe na kuangaliwa siku kumi. Kama ana kichaa katika mate yake, ndani ya siku hizo ataugua na kufa. Akipita siku kumi akiwa mzima, hakuwa nacho siku ile alipong'ata. Lakini mtu hangoji siku hizo kumi, anaanza chanjo mara moja. Kwa hivyo Kahawa alifungwa na kamba ndefu pale pale kwa watoto wake, na mama wa binti ndiye aliyempelekea uji, akisukuma bakuli kwa kijiti. Anasema siku za kwanza alimchukia. Siku ya sita alimwangalia akiwalamba watoto wake mmoja mmoja, akaona hawezi kuendelea kumchukia. Siku ya kumi mbwa alikuwa mzima. Daktari akasema sindano zilizobaki za siku ya 14 na ya 28 si lazima tena. Pesa za mbuzi zilizobaki zilinunua mnyororo.

Hapa lazima tukiri kosa letu. Kahawa hakuwa amechanjwa. Siku ya chanjo alikuwa ndiyo amezaa, na sisi, watu wa mbwa, tukasema tumwache mzazi apumzike. Baadaye tukaambiwa mbwa anayenyonyesha huchanjwa kama wengine, na hata watoto wa mbwa wapelekwe. Tulimhurumia vibaya.

Akina mama wenzetu, hangaiko hili halikuanza na sisi. Mwaka 1885, kule Ulaya, mtoto wa miaka tisa jina lake Joseph Meister aling'atwa na mbwa tarehe 4 Julai. Walikuwa wanaishi Alsace. Mama yake alimchukua mpaka Paris, akafika tarehe 6, kwa sababu alisikia kuna mtaalamu, Louis Pasteur, anayejaribu chanjo kwa mbwa. Pasteur mwenyewe alikuwa na hofu, maana hakuwa daktari wa watu. Mtoto alipewa sindano 13 kwa siku kama kumi, akapona, akaishi mpaka akawa mtu mzima na kufanya kazi ya bawabu katika taasisi ya Pasteur. Watu humsifu Pasteur, na ni haki. Sisi tunamfikiria yule mama ndani ya gari la moshi, mtoto mapajani, hajui anaenda kuambiwa nini. 

Sasa tuongee kazi. Kuwatupia mbwa nyama yenye sumu, kama ilivyofanyika kijiji fulani tusichokitaja, haimalizi kichaa. Wanakufa wale waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa, na baada ya miezi michache wengine wageni wanajaza nafasi, wote bila kinga. Na hebu fikirieni mtoto anayeokota ile nyama. Kinachomaliza ni chanjo kila mwaka. Ikiwa katika kila mbwa kumi wa kijiji saba wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na kaunti yetu ya Makueni ilikuwa miongoni mwa zile zilizochaguliwa kuanza. Kwa hivyo hatuwezi kusema hatukuambiwa.

Sisi tulifanya hivi. Tulinunua daftari la kurasa 80. Tulizunguka nyumba kwa nyumba na hatukuuliza, "Mbwa ni wa nani?" Tuliuliza, "Nani anamlisha?" Huyo ndiye tulimwandika kama mwenyewe, hata kama ni mtoto wa shule. Mzee mmoja alilalamika kwamba tumeandika mbwa wake kwa jina la bibi yake. Tukamwambia akitaka tubadilishe, aanze kumpikia. Tulipata mbwa 41. Mwaka wa kwanza waliochanjwa walikuwa 16 tu. Baada ya daftari walikuwa 30. Wanne hatukupata anayewalisha, wanakula jaani sokoni, na kwa hao tulimwomba ofisa mwenyewe aje na wavu. Mbwa wengi hawajawahi kufungwa kamba, kwa hivyo mfundishe wako wiki mbili kabla, la sivyo siku ya chanjo atakuburuta mbele ya watu.

Na mjue dalili. Mbwa mpole akianza kung'ata vijiti na mawe, sauti yake ikibadilika, akitoa mate mengi, akiyumba miguu ya nyuma, mwogopeni. Lakini kuna yule mwingine anayenyamaza tu, taya limelegea kama ana mfupa kooni. Huyo ndiye hudanganya watu wenye huruma. Usitie mkono mdomoni kutafuta mfupa. Hata ng'ombe akionyesha hivyo, usitie mkono. Funga watoto ndani, mwite ofisa.

Tumeona mwenyekiti anaangalia saa. Tumalizie na matangazo. Chanjo ijayo itakuwa katika uwanja wa shule ya msingi, Jumamosi baada ya siku ya soko, kuanzia asubuhi. Mwenye mbwa mkali aje mapema kabla ya wengine. Daftari letu liko hapa mezani, na kikundi kinachotaka kunakili kurasa zake kitupatie peni tu.

Na Kahawa amezaa tena, watoto watano, wameshafumbua macho. Yule binti sasa ni msichana mkubwa, na yeye ndiye anayewalisha, jina lake liko kwenye daftari. Wawili wameshapata wenyewe. Watatu bado. Anayetaka aje na kamba, na atuambie nyumbani kwake ni nani atakayempa ukoko.